Njiwa Hakuomba Kuwa Mfano wa Ndoa

Kwenye harusi zetu kuna hotuba ambayo haikosi njiwa. Mshereheshaji akishika kipaza sauti, au mchungaji akianza nasaha, njiwa atatajwa tu: huchagua mwenzi mmoja, hachepuki, na mwenzake akifa hukaa na majonzi mpaka naye anakufa. Ukitoka ukumbini ukapita kijiweni, utakuta kesi ileile imeitiwa shahidi mwingine. Safari hii ni simba, au jogoo, au beberu, na aliyemwita ni mwanamume anayetaka kueleza kwa nini mke mmoja hamtoshi. "Ni maumbile," anasema, na wenzake wanatikisa vichwa kukubali.

Pande zote mbili zinafanya mchezo mmoja. Kila upande umeshaamua la kusema, ndipo unamtafuta mnyama wa kulisemea. Na kwa kuwa wanyama ni wengi, hakuna anayerudi mikono mitupu. Mimi naona kesi yenyewe imefunguliwa vibaya. Mnyama kuishi na mwenzi mmoja ni jambo linaloamuliwa na kazi, chakula na mahali. Mnyama huyo kuzaa na mwenzi huyo peke yake ni jambo jingine, na mara nyingi mawili hayo hayaendi pamoja. Bila kuyatenganisha hatutaelewa kitu kuhusu njiwa wala simba, achilia mbali sisi wenyewe.

Wa kwanza kuumbuliwa na mnyama aliyemsifu hakuwa mshereheshaji wa Sinza wala wa Nyali. Katika miaka ya 1850, Frederick Orpen Morris, mchungaji wa Kianglikana huko Yorkshire, Uingereza, aliyekuwa pia mwandishi mashuhuri wa habari za ndege, aliwahimiza watu wamuige ndege aitwaye dunnock. Ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, anayeokoteza chakula chini ya vichaka bila makeke. Morris aliona kwake unyenyekevu, utulivu na mavazi yasiyo na majivuno. Zaidi ya karne moja baadaye, Nicholas Davies wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliwavisha dunnock wa bustani ya mimea ya chuo hicho pete za rangi miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akakaa kuwatazama.

Aliyoyaona yasingefaa kuhubiriwa kanisani. Jike wa dunnock mara nyingi huwa na madume wawili katika eneo lake, mkubwa na mdogo. Mkubwa humfuata kila aendako ili mdogo asimkaribie. Jike naye hutumia muda mwingi kumpotea mkubwa na kumfuata mdogo vichakani. Dume akimpata, kabla ya kumpanda humdonoa chini ya mkia, tena na tena, mpaka jike anatoa tone la mbegu za yule aliyetangulia. Davies alichapisha hayo mwaka 1983. Miaka sita baadaye, vipimo vya vinasaba vikaonyesha faida anayoipata jike kwa usumbufu wote huo: dume mdogo aliyepata nafasi ya kutosha naye husaidia kulisha makinda, na aliyenyimwa hashughuliki. Kwa kugawa nafasi, jike anapata walezi wawili. Kwa dume mkubwa ni hasara, maana makinda mengine kiotoni si yake.

Kabla ya vipimo hivyo, elimu ya ndege ilikuwa ikienda kwa kuhesabu viota. Dume mmoja, jike mmoja, makinda manne: basi hiyo ni familia. Mwaka 1968 David Lack, mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa karne iliyopita, alikadiria kwamba zaidi ya 90% ya aina za ndege duniani huishi kwa jozi za namna hiyo. Makadirio yake hayajapitwa na wakati. Lakini pete ya mguuni huonyesha nani analala wapi, haionyeshi yai limetungwa na nani. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, wakiwa na maana kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ahesabiwe wa ndoa na maneno yaishe. Ni kanuni ya busara kwa binadamu wanaotaka amani nyumbani. Wataalamu wa ndege waliifuata miaka yote hiyo kana kwamba ni kipimo cha maabara.

Dalili ilitokea Marekani mwaka 1975. Watafiti katika jimbo la Colorado walikuwa wakitafuta njia ya kupunguza ndege weusi wenye mabega mekundu, ambao hula nafaka mashambani. Wakawakamata madume, wakawafunga kizazi kwa upasuaji mdogo, wakawarudisha kwenye maeneo yao wakitarajia mayai yasiyoanguliwa. Majike wakataga, na mayai mengi yakawa na uhai. Dume wa eneo alikuwapo, akiimba na kufukuza wageni kama kawaida, na watoto walitoka kwingine.

Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Sisi tunaijua kwa kesi za mauaji na za matunzo ya watoto, ila haikuchukua muda mrefu kufika kwenye viota. Tathmini iliyotolewa mwaka 2002, iliyokusanya tafiti nyingi za ndege wanaoishi wawili-wawili, ilionyesha kwamba kwa wastani takriban kifaranga mmoja katika kila tisa hakuzaliwa na dume anayemlisha, na kwamba aina za ndege ambazo hazina kabisa watoto wa nje ni chache. Huo ni wastani tu. Huko Australia kuna ndege mdogo, dume wake wa buluu inayong'aa, ambaye zaidi ya nusu ya makinda yake huwa ya madume wa nje. Watafiti waliwafunga majike vifaa vidogo vya redio wakagundua kwamba huondoka kiotoni kabla ya alfajiri, huenda moja kwa moja kwa dume waliyemchagua eneo jingine, kisha hurudi. Kunapokucha, kila mmoja yuko kwake.

Hapa inafaa tuulize pia ni nani aliyekuwa akitazama. Kwa miongo mingi jibu lililokubalika lilikuwa kwamba dume hutafuta wengi na jike husubiri achaguliwe. Nguzo ya jibu hilo ilikuwa jaribio la Angus Bateman la mwaka 1948, alilolifanya kwa nzi wa matunda. Patricia Gowaty na wenzake walilirudia jaribio lilelile, na mwaka 2012 wakaonyesha kwamba njia iliyotumika ilikuwa na kasoro kubwa mno kubeba hitimisho zito kama lile. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, Sarah Hrdy alikuwa Mlima Abu nchini India akifuatilia nyani wa kijivu wa huko, ambao madume wageni wakiteka kundi huwaua wachanga. Aliona majike wakiwaendea madume kadhaa, hata wale wa nje ya kundi. Akapendekeza kwamba jike anachanganya hesabu kwa makusudi: dume asiye na hakika kama mtoto ni wake atasita kumuua. Sioni ajabu kwamba wazo hilo lilitoka kwa mwanamke. Madume walikuwa wametazamwa vya kutosha.

Na kwa kuwa tumefika kwa madume, wale mashahidi wa kijiweni wajibiwe. Simba hana wake. Kundi la simba ni la majike wenyewe, mama, madada, mabinti na mashangazi, na eneo ni lao, hurithishana. Madume huingia kwa nguvu, kwa kawaida wawili au zaidi wakishirikiana, hukaa miaka miwili au mitatu, kisha hufukuzwa na wenye nguvu mpya. Kwa lugha ya mjini, ni mpangaji, na mkataba wake hauwekwi na yeye. Jogoo naye hali yake si nzuri. Mwaka 2000 Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha kwamba kuku anayepandwa kwa nguvu na jogoo wa hadhi ya chini huzitoa mbegu zake mara tu anaposhuka. Kupanda ni kwa jogoo, kuamua ni kwa mtetea.

Kama ni lazima harusini atajwe mnyama, ningependekeza digidigi. Huyu ni swala mdogo, wa kilo tano hivi, mwenye pua ndefu kidogo na macho makubwa, na yeyote aliyesafiri kwenye nyika za Dodoma, Tsavo au Samburu amemwona akikatiza njia na mwenzake nyuma. Huishi dume na jike katika eneo lao dogo, mwaka mzima, na mpaka wa eneo huwekwa kwa malundo ya kinyesi na kwa utomvu mweusi wanaoupaka kwenye ncha za majani kutoka kwenye tezi iliyo karibu na jicho. Wasimulizi wa hadithi wanasema digidigi alijikwaa siku moja kwenye kinyesi cha tembo, akaapa kurundika chake mahali pamoja mpaka na tembo ajikwae. Katika miaka ya 1990 Peter Brotherton na wenzake waliwachunguza digidigi wa Etosha, Namibia, wakapima vinasaba vya watoto. Hawakupata mtoto wa nje hata mmoja. Kwa mamalia hilo ni jambo la nadra.

Tatizo linakuja ukiuliza dume anafanya nini nyumbani. Hamlishi mtoto, hambebi, hamlindi kwa namna yoyote ya maana. Kazi yake ni kumfuata jike. Jike akienda kwenye lundo, dume husubiri nyuma yake, hunusa alichoacha, hukifukia kwa kwato na kuweka chake juu. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba anaficha harufu, ili dume mwingine anayepita asijue kwamba humo ndani kuna jike, na hasa jike aliye tayari. Anapoacha kufuata, ndipo wengine wanapoingia. Uaminifu wa digidigi, basi, umesimama juu ya ulinzi wa saa ishirini na nne. Sijui bibi harusi gani angependa kutakiwa ndoa ya namna hiyo mbele ya wakwe.

Digidigi anatupa pia swali zuri zaidi kuliko la uaminifu. Kama dume hasaidii kulea, jozi ilianzaje? Mwishoni mwa Julai 2013 zilitoka tafiti mbili, karibu siku moja, zikiwa na majibu yanayopingana. Dieter Lukas na Tim Clutton-Brock wa Cambridge walipanga aina zaidi ya 2,500 za mamalia kwenye mti wa ukoo. Walikuta kwamba zinazoishi kwa jozi ni kama 9% tu, na kwamba karibu mara zote mtindo huo ulianzia kwa mababu ambao majike wao waliishi peke yao, mbalimbali, kila mmoja na eneo lake. Dume hawezi kulinda majike wawili walio mbali, kwa hiyo anabaki na mmoja. Malezi ya baba yalikuja baadaye, pale yalipokuja. Timu ya Christopher Opie, ya London, iliangalia aina 230 za jamii ya nyani, komba na sokwe, ikasema kilichotangulia ni mauaji ya wachanga: dume alibaki karibu ili mtoto wake asiuawe.

Watu walipenda kuuliza nani ameshinda. Nionavyo mimi, hoja ya Cambridge inamweleza digidigi vizuri kuliko ile nyingine, na inaeleza pia kwa nini mamalia wako 9% wakati ndege wamepita 90%. Mamalia wa kike anabeba mimba na kunyonyesha, kazi mbili ambazo dume hawezi kumpokea hata akitaka. Ndege dume anaweza kuatamia na anaweza kuleta wadudu. Hapo kuna faida ya kubaki. Njiwa mwenyewe ni mfano mzuri wa hili: dume na jike hupokezana mayai, na wote wawili hutengeneza kooni uji mweupe wenye mafuta na protini wa kuwalisha makinda. Ukimwondoa mmoja, mzigo unamwelemea aliyebaki. Ila habari ya kufa kwa majonzi waulizwe wafugaji. Njiwa aliyefiwa hupata mwingine, na banda linaendelea.

Chakula kinaamua mengi kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1964 John Crook alichapisha uchambuzi wake wa jamii ya mnana, ndege wafumaji wa Afrika na Asia, akakuta mpangilio ulio wazi. Wale wa misituni, wanaokula wadudu waliotawanyika na wenye kuhitaji msako, huishi jozi mojamoja. Wale wa mbugani, wanaokula mbegu zinazopatikana tele mahali pamoja, hujenga viota kwa mamia kwenye mti mmoja, na dume mmoja huwa na majike kadhaa. Ukoo ni uleule, ndoa tofauti. Mwaka 1974 Peter Jarman alifanya hivyohivyo kwa swala wa Afrika. Digidigi huchagua chipukizi na matunda madogo, chakula bora kilicho haba, hivyo hawezi kukaa na wenzake hamsini. Nyati hula nyasi yoyote kwa wingi, hivyo anaweza.

Kisha anakuja kweleakwelea kuharibu mpangilio, kama anavyoharibu mtama na mpunga wa watu. Anakula mbegu, anaishi mbugani, makoloni yake kwenye migunga hufika mamilioni. Kwa kanuni ya Crook angepaswa kuwa na wake wengi. Lakini kila kiota kina dume mmoja na jike mmoja, na wote wawili huatamia na kulisha. Sababu inaonekana kuwa muda. Mvua za nyika ni fupi, wadudu na mbegu laini huwapo kwa wiki chache, na makinda lazima yatoke haraka kabla chakula hakijaisha. Hakuna nafasi ya dume kuzunguka. Msimu ukiisha, ndoa nayo imekwisha, na kundi linahama.

Pale ambapo kazi ya dume haihitajiki kabisa, huishia kwenye maonyesho na ulaghai. Kule Kinangop, Kenya, Malte Andersson aliwakata mikia ndege weusi ambao mkia wa dume hufika nusu mita. Wengine akawapunguzia, wengine akawaongezea kwa gundi vipande vya wenzao. Walioongezewa walipata majike wengi zaidi katika maeneo yao. Matokeo yalitoka mwaka 1982 na yanafundishwa vyuoni mpaka leo. Masai Mara kuna nyamera. Jike aliye kwenye joto huzunguka maeneo ya madume akilinganisha, na anapotaka kuondoka, dume husimama, husimamisha masikio na kukoroma kwa sauti ileile inayotolewa simba anapoonekana. Simba hayupo. Jakob Bro-Jørgensen na mwenzake waliripoti mwaka 2010 kwamba majike husita wakarudi nyuma, na dume hutumia muda huo.

Kinyume cha nyamera ni hondohondo wa Usambara, yule mkubwa mweusi mwenye pembe ya rangi ya krimu juu ya mdomo. Reginald Moreau, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, aliwachunguza yeye na mkewe Winifred. Jike huingia kwenye shimo la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo ambao dume huumeza, huutengeneza vidonge na kumletea. Unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Jike hukaa humo miezi mitatu hadi minne, anaatamia na kulea, na chakula chote chake na cha kinda hupitia kwenye ufa huo. Kwa makadirio ya akina Moreau, dume mmoja alileta matunda yapatayo 24,000 katika safari zisizopungua elfu moja na nusu. Dume akiuawa na mwindaji katikati ya msimu, maafa hayaishii kwa ndege mmoja.

Hapo ndipo ningetegemea uaminifu wa kweli uonekane, na kwa jamaa wa karibu umepimwa. Vinasaba vya hondohondo wa Monteiro huko Namibia, vilivyochapishwa mwaka 2002, vilionyesha kwamba makinda yote ni ya dume anayelisha. Sababu haina mapenzi ndani yake. Jike aliyezibiwa ndani hatembelewi na mtu, na dume anayebeba mzigo wote ule hawezi kumudu kuubebea mtoto wa mwingine. Wote wawili wamejifunga. Kinachoweza kuwavunjia ni ukosefu wa nyumba: shimo linalomtosha ndege mkubwa hivyo hupatikana kwenye miti mizee, na hiyo ndiyo inayotangulia kukatwa.

Kuna ndege wa bahari kuu, albatrosi, ambao hupewa sifa za njiwa kwa haki zaidi. Wengi wao hukaa na mwenzi mmoja miaka na miaka, kwa sababu kulea kinda mmoja huhitaji safari za maelfu ya kilomita baharini huku mwingine akibaki kiotoni, na zamu hizo huchukua muda kuzoeana. Kwenye visiwa vya Falkland talaka kati yao kwa kawaida ni 1% hadi 3% kwa mwaka. Utafiti wa mwaka 2021 uliofuatilia jozi 15,500 kwa miaka 15 ulikuta kwamba miaka ambayo bahari ilipata joto zaidi, talaka zilifika 8%. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba hata majike waliofanikiwa kuzaa msimu uliopita waliachana na madume wao. Samaki wakiadimika, safari huwa ndefu, mwenzi huchelewa, na aliyesubiri hachagui tena kama zamani.

Kisiwani Oahu, Hawaii, kwenye koloni ambalo majike ni wengi kuliko madume, ilibainika mwaka 2008 kwamba 31% ya jozi za albatrosi wa huko zilikuwa za majike wawili. Mayai yanatungwa na madume wenye wenzi wao, kisha majike hao wawili hupokezana kuatamia na kulisha. Wanafanikiwa kwa kiwango cha chini kuliko jozi ya dume na jike, lakini jike aliye peke yake hafanikiwi kabisa. Najua habari hii ikitajwa kwetu kuna watakaoipigia makofi na watakaokasirika, na wote watakuwa wamerudi kulekule kwa njiwa wa harusini. Ndege hao wana yai moja na bahari kubwa. Wanachokihitaji ni zamu ya pili.

Na kama tunatafuta wawili wasioachana, tumsahau ndege tuje kwenye damu zetu. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, na wa Unguja na Pemba, wanaujua ugonjwa wa kichocho. Minyoo yake ni tofauti na minyoo bapa mingi kwa kuwa na dume na jike. Dume ana mfereji mwilini, na jike mwembamba huishi ndani ya mfereji huo, wameshikana kwenye mishipa ya damu ya mtu kwa miaka, mara nyingi mitatu hadi kumi. Jike ambaye hajampata dume hakui hata viungo vyake vya uzazi. Akishampata, katika aina inayoshambulia utumbo, hutaga mayai mamia kwa siku, na hayo mayai ndiyo yanayoharibu ini la mwenye nyumba. Hata hao maabara imewaona wakibadilishana wenzi nafasi ikipatikana. Hakuna mshereheshaji aliyewahi kuwataja, na namwelewa.

Limebaki swali la kinachotokea ndani ya kichwa cha mnyama anayebaki na mwenzi, maana mazingira yanaeleza faida, hayaelezi msukumo. Hapa mnyama aliyechunguzwa kuliko wote ni panya mdogo wa nyika za katikati ya Marekani. Dume na jike wakishalala pamoja hukaa kiota kimoja, hulea pamoja, na dume huwashambulia majike wageni. Jamaa yake wa karibu, panya wa majani mabichi, hana habari hizo. Sue Carter na Lowell Getz walianza kuilinganisha tabia hii na homoni, hasa oksitosini na vasopresini. Mwaka 2004 timu ya Larry Young huko Atlanta ilichukua kinasaba cha kipokezi cha vasopresini, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo, cha yule wa kwanza, ikakipandikiza kwenye sehemu moja ya ubongo wa yule wa pili, na dume asiyejali akaanza kupendelea jike aliyemzoea. Magazeti yakaandika kuhusu kinasaba cha uaminifu. Wafanyabiashara wakaanza kuuza oksitosini ya kupuliza kama dawa ya mapenzi, na mpaka leo matangazo yake yanatembea mitandaoni.

Walichokiacha magazeti ni kwamba panya hao hao, wakipimwa porini, baadhi ya watoto si wa dume wa nyumbani. Homoni ilieleza kupenda kulala na fulani. Haikueleza mengine. Kisha mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya California na Stanford walizalisha panya wa nyika wasio na kipokezi cha oksitosini kabisa, wakitarajia jozi zisishike. Zilishika. Waliwakumbatia wenzi wao, waliwafukuza wageni, walilea watoto, ingawa maziwa ya baadhi ya majike yalipungua. Ubongo ulikuwa na njia nyingine ya kufika palepale. Maabara sasa zinaitafuta njia hiyo, na wauzaji wa chupa hawajabadilisha tangazo.